Injini Kwenye Mteremko

Wanaume wawili wanashuka ngazi wamebeba injini ya gari. Hawana toroli wala kamba; wana mikono yao tu. Kila baada ya vidato vichache wanatua, wanapumua, wanaishika upya. Kamera haiwaharakishi. Wakifika barabarani wanaipandisha nyuma ya pikapu, lakini mmoja ameumia kidole na nguvu zimewaishia, kwa hiyo injini inaachwa pale pale ukingoni. Stan, mwenye pesa zake, anataka isukumwe ndani kidogo. Mwenzake anasema itakaa. Gari limeegeshwa kwenye mteremko. Linapoondoka tu, injini inateleza, inaanguka kwenye lami na kupasuka. Wanashuka, wanaitazama. Hakuna matusi, hakuna muziki wa huzuni, hakuna anayejishika kichwa. Wanarudi garini na kuondoka, na sisi watazamaji tumewekwa nyuma ya pikapu, tunaiona injini imebaki peke yake barabarani, ikizidi kuwa ndogo.

Mshahara wa Stan umebaki pale. Ni mshahara wa machinjioni, wa kuswaga kondoo, kuwatundika kwa miguu na kuosha sakafu damu isigande. Mwongozaji mwingine angezipitisha zile ngazi haraka ili afike kwenye tukio, yaani kuanguka. Charles Burnett amefanya kinyume. Amezifanya ngazi ndizo tukio, ametushusha nazo kidato kwa kidato, na chuma kinapogonga lami mikono yetu wenyewe imeshachoka. Hatuhitaji kuambiwa kilichopotea, kwa sababu tumekibeba.

Filamu hiyo inaitwa Killer of Sheep, yaani mchinja kondoo. Burnett aliikamilisha mwaka 1977 kama kazi ya kumalizia shahada yake ya uzamili, na gharama yake haikufika dola 10,000. Kuna filamu zilizotumia mara elfu ya pesa hizo ambazo leo hakuna anayekumbuka hata majina yake.

Alizaliwa mwaka 1944 Vicksburg, mji ulio kando ya mto Mississippi. Akiwa bado mdogo familia yake ilihamia Los Angeles, kama walivyofanya mamilioni ya Wamarekani weusi walioihama Kusini katika karne ya 20, wakikimbia ubaguzi na kufuata kazi za viwandani. Wakatua Watts, kusini mwa jiji. Waliofika huko hawakuiacha Kusini nyuma, waliifunga mizigoni. Walikuja na mapishi yake, nyimbo zake za kanisani, dawa zake za mizizi, miiko yake, hata namna yake ya kumkaripia mtoto. Burnett alikulia mjini katika nyumba na vibaraza ambako wazee bado walizungumza kama watu wa shamba. Mvutano huo, wa shamba lililohamia mjini bila kwisha, ndio uliokuja kulisha kazi yake yote.

Agosti 1965, Watts iliwaka moto. Kilichoanza kwa polisi kumkamata kijana mweusi barabarani kiligeuka ghasia za siku sita, na watu 34 wakafa. Tangu hapo, kwa msomaji wa magazeti ya Marekani, jina Watts lilikuwa na maana ya moshi na askari. Burnett alikuwa na miaka 21, na Watts aliyoijua yeye ilikuwa na mambo mengine mengi: baba anayerekebisha sinki jikoni kwa magoti, mama anayejitazama kwenye kifuniko cha sufuria kinachong'aa, watoto wanaorushiana mawe kandokando ya reli. Haya hayakuwa na nafasi kwenye habari. Hayakuwa na nafasi kwenye sinema za Hollywood pia, ingawa Hollywood yenyewe iko katika jiji hilo hilo.

Alianza kwa kusomea elektroniki katika chuo cha Los Angeles City College. Baadaye akaingia UCLA, chuo kikuu kilichoko Westwood, upande mwingine wa jiji na upande mwingine wa maisha. Kati ya walimu waliomjenga alikuwamo Mwingereza Basil Wright, aliyeongoza Song of Ceylon mwaka 1934. Kwake Burnett alijifunza jambo ambalo hakuliacha tena, kwamba mtu aliye mbele ya kamera ana heshima yake, na mwenye kamera hana ruhusa ya kumvunjia. Alikuwapo pia Elyseo Taylor, mwalimu mweusi aliyewaonyesha wanafunzi filamu za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakaona kwamba duniani kuna watu wanaotengeneza sinema bila kuomba kibali cha Hollywood.

Pale chuoni kulikusanyika kizazi ambacho wanahistoria wa filamu walikuja kukiita Uasi wa L.A. Alikuwapo Haile Gerima kutoka Ethiopia, Larry Clark, Ben Caldwell, Billy Woodberry na, nyuma yao kidogo, Julie Dash. Hawakuwa na pesa, kwa hiyo walilipana kwa kazi. Gerima alipotengeneza Bush Mama, Burnett alishika kamera. Woodberry alipotengeneza Bless Their Little Hearts, iliyotoka mwaka 1984, Burnett alimwandikia muswada na akampigia picha. Leo wewe unaongoza na mimi nabeba taa. Kesho zamu yangu. Mwaka 1966, katika jiji hilo hilo la Los Angeles na mwaka mmoja tu baada ya moto wa Watts, sikukuu ya Wamarekani weusi iitwayo Kwanzaa ilianzishwa na misingi yake saba ikapewa majina ya Kiswahili. Wa tatu ni ujima. Haijulikani kama kuna aliyelitamka neno hilo kwenye vyumba vya kuhariria vya UCLA, lakini tendo lenyewe lilikuwa likifanyika humo kila usiku.

Katika Bless Their Little Hearts kuna ugomvi wa mume na mke jikoni unaokwenda karibu dakika kumi bila kukatwa. Mume hana kazi na amekwenda nje ya ndoa. Mke amechoka mpaka kwenye mifupa. Burnett yumo nao humo ndani, kamera mikononi, katika chumba kisichowatosha watu watatu. Haendi kumtafuta anayesema. Mara nyingi anabaki na anayesikiliza. Ni jiko la kawaida, sauti zinapanda na kushuka kama zinavyopanda na kushuka majumbani, na mtazamaji anajikuta anatamani kutoka chumbani ili awape nafasi.

Burnett ameeleza mara kadhaa kilichomsukuma kuitengeneza Killer of Sheep. Pale chuoni kulikuwa na wanafunzi wa familia zenye nafasi waliopenda kutengeneza filamu kuhusu wafanyakazi. Mfanyakazi ananyonywa, anaamka, anajiunga na chama, mambo yananyooka. Burnett alikuwa akirudi nyumbani Watts na kuwaona wafanyakazi wenyewe, na hakumwona hata mmoja ambaye maisha yake yangenyooka kwa njia fupi kama hiyo. Kwa watu aliowajua, ushindi ulikuwa ni kuufikia mwisho wa wiki ukiwa bado mtu, hujaiba, hujaua, hujamkimbia mkeo. Akataka filamu ambayo watu wa mtaani wangeitazama na kusema, naam, hivi ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo aliandika, akaongoza, akapiga picha, akahariri, yote mwenyewe, kwa filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 16. Kazi ilifanyika mwishoni mwa wiki, kwa sababu siku nyingine watu walikuwa kazini au darasani. Waigizaji walikuwa majirani, marafiki na ndugu. Mtoto wa kike wa Stan ni Angela Burnett, mpwa wa mwongozaji. Watoto wa mtaani walishikishwa vifaa. Walijifunza kwa mikono yao kwamba sinema haishuki kutoka mbinguni, inatengenezwa kwa waya, betri na mtu anayenyanyua maikrofoni.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Burnett aliinama kweli, kwa magoti. Sehemu kubwa ya Killer of Sheep imepigwa katika kimo cha mtoto, kwa sababu filamu hii, ingawa mhusika wake mkuu ni Stan, imejaa watoto. Wanasimama kwa vichwa kushindana nani atadumu zaidi. Wanajificha nyuma ya vipande vya mbao mawe yakirushwa. Mtoto wa kike wa Stan anazunguka nyumbani amevaa kinyago cha mbwa kilichomeza uso wote, macho yakiangaza matunduni, na kakaye anakivuta mpaka anakaribia kumwumiza. Hakuna anayemweleza mtazamaji kinyago kina maana gani. Mtoto amevaa kinyago. Anayetaka maana atabaki nayo usiku.

Kisha kuna ile picha ambayo mtu akiiona mara moja haimtoki. Kamera imesimama chini, kati ya majengo mawili, ikitazama juu. Mvulana anaruka kutoka paa hadi paa. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Wanapita juu yetu angani, miguu imetanuka, kama ndege wasio na haraka. Ni mchezo wa hatari, na mama yeyote akiuona atapiga kelele, lakini Burnett hakupiga kelele. Aliweka kamera mahali ambapo hofu na uzuri vinaonekana kwa pamoja na havitengani. Kwenye kondoo wa machinjioni anafanya vivyo hivyo: wanaingia kwa utulivu, mmoja nyuma ya mwingine, na anapotoka hapo kwenda kwa watoto wanaocheza hasemi neno. Mshono kati ya picha mbili ndio umesema.

Ufundi wa Burnett unaonekana zaidi katika vitu vidogo. Chukua kikombe. Stan ameketi na rafiki yake mezani, wanakunywa chai. Anakipandisha kikombe mpaka shavuni, anakiacha hapo, na anasema joto lake linamkumbusha paji la uso la mwanamke wakati wa mapenzi. Mwenzake anamjibu kwa mzaha kwamba yeye hamtaki mwanamke mwenye malaria. Ni hayo tu. Lakini Stan, ambaye halali usiku na hamgusi mkewe, ametuonyesha kwamba ndani yake bado kuna mtu anayetamani joto, na kwamba amelipata kwenye udongo uliofinyangwa badala ya mwili ulio chumba cha pili. Kurasa nzima za mazungumzo zisingefikia hapo.

Au ile ngoma yao ya wawili. Stan na mkewe, anayechezwa na Kaycee Moore, wanacheza polepole mbele ya dirisha. Mwanga unatoka nyuma yao, kwa hiyo ni vivuli viwili tu, mume bila shati. Dinah Washington anaimba This Bitter Earth. Mikono ya mke inapanda mgongoni kwa mumewe, inashuka, inamtafuta. Kamera inakaa. Wimbo unakwisha, mke bado amemshikilia, na Stan anajitoa taratibu, anaondoka, anamwacha amesimama dirishani. Henry Gayle Sanders, aliyecheza Stan, alikuwa amepigana vita vya Vietnam. Kuna uchovu katika mabega yake ambao mwalimu wa uigizaji hawezi kuufundisha, na Burnett alikuwa na busara ya kuuacha ulivyo.

Muziki ndio ulioipa filamu hii roho, na ndio ulioifungia kabatini. Burnett alikusanya sahani za nyumbani, kuanzia Paul Robeson na Louis Armstrong hadi Little Walter na kundi la Earth, Wind & Fire. Alitaka watoto wa mtaani wasikie, ndani ya saa moja na nusu, urithi wa watu wao. Mwanafunzi anayetengeneza kazi ya shahada hana sababu ya kununua haki za nyimbo zote hizo, wala hana pesa. Basi filamu ikawa haiwezi kuuzwa. Ilizunguka kwenye vyuo, makumbusho na matamasha, kwa nakala zilizokwaruzika, miaka ikapita. Mwaka 1981 ilipata tuzo ya wahakiki huko Berlin. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye Orodha ya Taifa ya Filamu, ile inayotunza kazi ambazo taifa halipaswi kuzipoteza. Taifa likawa linaitunza filamu ambayo wananchi hawakuwa na mahali pa kuinunulia tiketi.

Ilitoka rasmi kwenye majumba ya sinema Machi 2007, miaka 30 baada ya kukamilika. Wahifadhi wa UCLA walikuwa wameisafisha na kuipanua hadi milimita 35, na kampuni ndogo ya Milestone ilitafuta haki za muziki kwa miaka, ikisaidiwa kifedha na mwongozaji Steven Soderbergh. Haki hizo ziligharimu dola 150,000, zaidi ya mara kumi na tano ya gharama ya filamu yenyewe. Hata hivyo wimbo mmoja haukupatikana. Burnett alikuwa ameufunga mwisho wa filamu kwa Unforgettable, tena kwa sauti ya Dinah Washington. Ilibidi mahali pake uwekwe tena This Bitter Earth.

Mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni tukio la mara moja. Kwa Burnett limekuwa kama desturi ya nyumba. Filamu yake ya pili ndefu, My Brother's Wedding ya mwaka 1983, inamhusu Pierce, kijana anayefanya kazi kwenye dobi la wazazi wake, anayejikuta siku moja ana harusi ya kaka yake na mazishi ya rafiki yake. Wafadhili waliiharakisha ikaonyeshwa New York kabla mwongozaji hajaridhika nayo. Mapokezi yakawa ya vuguvugu, ikafichwa. Mwaka 2007 alirudi kwenye meza ya kuhariri, akaikata upya, akaifanya fupi na kali kama alivyokusudia tangu mwanzo. Alikuwa na umri wa miaka 63. Mafundi wachache wanapata nafasi ya kuitengeneza upya meza waliyolazimishwa kuiuza haijapigwa randa, na wachache zaidi wanaitumia nafasi hiyo bila uchungu kuingia kwenye mbao.

Mwaka 1988 alipata ufadhili wa MacArthur, ule unaopewa watu wachache wenye vipaji vya pekee ili wafanye watakalo. Miaka miwili baadaye ikaja To Sleep with Anger, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ni filamu ambayo msomaji wa Kiswahili ataingia ndani yake bila kubisha hodi.

Gideon na mkewe Suzie wametoka Kusini zamani, wanaishi Los Angeles, wanafuga kuku uani na wanalima bustani. Filamu inaanza kwa ndoto: Gideon ameketi amevaa nadhifu, matunda mezani yanashika moto, kisha miguu yake nayo inawaka, na yeye ametulia. Akiamka amepoteza hirizi aliyorithi. Siku hiyo hiyo mlango unagongwa. Ni Harry, rafiki wa zamani wa Kusini, anayechezwa na Danny Glover, mwenye tabasamu la mtu anayejua siri zako. Anapokewa kwa furaha. Wahenga wetu wana maneno mawili kuhusu mgeni. La kwanza ni mgeni njoo mwenyeji apone. La pili ni mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Harry anayapindua yote mawili. Hapewi jembe, na mwenyeji haponi: Gideon anaanguka kitandani, mtoto wake mdogo anaanza kuiacha familia yake kuifuata meza ya kamari ya Harry, mimea ya bustani inakosa wa kuimwagilia.

Je, Harry ni shetani? Burnett hajibu. Kila jambo analofanya Harry linaweza kuwa ushirikina na linaweza kuwa ukorofi wa kawaida wa mzee anayeishi kwa kulala majumbani mwa watu. Mtoto wa nyumba akimgusa kiatu kwa ufagio, Harry anashtuka kama aliyegongwa na nyoka. Anayeamini miiko ataona moja, asiyeamini ataona jingine, na wote wawili wamekaa kwenye kochi moja. Mambo yanafikia kisu, ndugu wawili wakishikana, na mama yao anayashika makali ya kisu kwa kiganja chake. Damu hiyo ndiyo inayowarudishia akili. Harry mwenyewe anakufa kifo kisicho na ukuu wowote: anateleza jikoni kwenye gololi za mtoto.

Kinachofuata ni cha fundi aliyekomaa. Maiti inabaki sakafuni jikoni, imefunikwa, kwa sababu ofisi inayopaswa kuichukua haiji. Saa zinapita. Majirani wanaleta vyakula. Watu wanakula, wanazungumza, wanaingia na kutoka, na miguu ya Harry ipo pale. Gideon anapata nafuu. Tangu mwanzo wa filamu kuna mvulana jirani anayejifunza tarumbeta, na kila akipuliza mtaa mzima unaumia masikio. Mwishoni anapuliza tena, na safari hii sauti inaanza kukaa, inakuwa muziki.

Filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Sundance mwaka 1990, na Glover aliitumia nguvu ya jina lake ili itengenezwe. Katika majumba ya sinema haikupewa nafasi ya kutosha. Mwaka 2017 nayo iliingizwa kwenye Orodha ya Taifa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka. The Glass Shield ya mwaka 1994, kuhusu askari mweusi wa kwanza katika kituo kilichooza, ilibadilishwa mwisho wake kwa matakwa ya wasambazaji. When It Rains ya mwaka 1995 ni ya dakika 13 tu: mwanamke ameshindwa kulipa kodi siku ya mwaka mpya, na mtu mmoja anapita mtaani kumchangishia, anakutana na vijisababu vya kila aina, na mwisho deni linazimwa kwa sahani ya jazz. Yeyote aliyewahi kuzungusha bahasha ya mchango atamtambua kila mtu aliyemo humo. Nightjohn ya mwaka 1996 ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya watoto, na ndiyo maana wengi waliipuuza. Nayo ni miongoni mwa kazi zake bora. Mtumwa anayejua kusoma, jambo lililokuwa kosa kwa mtumwa, anamfundisha msichana Sarny, kwa kubadilishana na tumbaku kidogo, herufi A. Burnett anakaa na herufi hiyo kama alivyokaa na injini. Mistari mitatu kwenye vumbi, na mtoto anaitazama akijua kwamba inaweza kumuua.

Mwaka 2007, wakati Killer of Sheep ikitoka hatimaye, yeye alikuwa amemaliza kazi kubwa barani Afrika: filamu ya Namibia kuhusu mapambano ya ukombozi, inayofuata maisha ya kiongozi wake Sam Nujoma, akichezwa na Carl Lumbly. Njia ya Nujoma ilipita kwetu. Alipotoroka nchini kwake mwaka 1960 alifika Tanganyika, na chama chake cha SWAPO kikafungua ofisi Dar es Salaam. Ni filamu yenye watu wengi, majeshi na mikutano, na hapo mkono wa Burnett hauonekani sana kama unavyoonekana kwenye chumba chenye watu wawili na kikombe.

Novemba 2017 Hollywood ilimpa Oscar ya heshima, akiwa na miaka 73. Ile Hollywood iliyokuwa upande wa pili wa jiji. Alikuwa bado na filamu moja kabatini: The Annihilation of Fish, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 1999 ikakosa msambazaji. James Earl Jones anacheza Mjamaika mzee anayepigana mieleka na jini asiyeonekana. Lynn Redgrave ni mwanamke aliyempenda marehemu Puccini, mtunzi wa opera. Wanapanga nyumba moja na kupendana. Ilifika kwenye majumba ya sinema Februari 2025. Redgrave alikuwa amefariki mwaka 2010 na Jones mwaka 2024.

Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, Killer of Sheep ilirudi ikiwa imesafishwa upya. Karibu na mwisho, Stan na familia yake wameketi nyumbani jioni baada ya safari iliyoishia kwenye pancha bila tairi la akiba. Mtoto anauliza mvua inatoka wapi. Stan anamjibu kwa usemi wa Kusini, kwamba ni shetani anampiga mkewe, kama watoto wa huku wanavyoambiwa simba anazaa mvua ikinyesha juani. Mke anapitisha mkono kwenye goti la mumewe. Stan, ambaye hatujamwona akitabasamu, anatabasamu. Kisha ni kazini tena. Kondoo wanapandishwa, wanasukumana, sufi kwa sufi, na Stan yuko nyuma yao akiwaswaga. Na safari hii sauti inayosikika juu yao ni ya Dinah Washington akiimba Unforgettable, pale pale Burnett alipoiweka alipokuwa mwanafunzi.